Jasho Lisilo na Risiti

Katika chumba kidogo cha mahakama ya mwanzo, feni ikizunguka kwa kusuasua, mwanamke mmoja wa makamo alisimama mbele ya hakimu akiwa na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi. Alikuwa ameomba talaka baada ya miaka kumi na saba ya ndoa, na siku hiyo alitakiwa kueleza alichangia nini katika nyumba ya vyumba vinne ambayo mumewe alidai ni yake peke yake. Alitoa cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto watatu, na daftari la shule alimokuwa akiandika madeni ya wateja wa genge lake. Risiti za saruji na mabati zilikuwepo pia, ila zilitoka upande wa pili, na zote zilikuwa na jina la mume. Hakimu akamuuliza kwa upole, "Sasa mama, mchango wako wewe ni upi, na ushahidi wake uko wapi?" Akajibu, "Mheshimiwa, matofali ya ile nyumba tulifyatua wenyewe. Maji ya kufyatulia nilichota mimi kisimani, nikiwa na mimba ya huyu wa pili. Sasa hayo maji risiti yake nitaipata wapi?"

Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za namna hiyo mara nyingi, nikimsindikiza ndugu, jirani au mtu niliyefanya naye kazi, na swali la mama yule limebaki nami kuliko hukumu nyingi nilizosikia zikisomwa. Tunapozungumzia talaka Tanzania tumezoea kusema kwamba sheria imepitwa na wakati au kwamba mila zinamkandamiza mwanamke. Yapo yaliyo kweli katika maneno hayo, lakini hayagusi mahali ambapo mashauri mengi hushindwa. Kwa hoja ya mali, sheria yetu ilikwisha kukubali zamani kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Kinachomwangusha mtu ni kwamba kazi hiyo haiachi karatasi, na mahakama huamua kwa ushahidi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inatumika Tanzania Bara na haivuki bahari kwenda Zanzibar, inaipa mahakama katika kifungu cha 114 mamlaka ya kugawa mali ambayo wanandoa waliichuma kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya sheria hiyo kutungwa majaji walitofautiana kuhusu maana ya "juhudi za pamoja". Wapo walioona kuwa mke anayepika, kufua na kulea anatimiza tu wajibu wake wa ndoa, hivyo hana anachodai katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume. Wapo walioona kwamba mume asingeweza kwenda kazini akajenga kama nyumbani kusingekuwa na mtu. Ubishi huo ulikwisha mwaka 1983, pale Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mwanafamilia, na kwamba kazi za nyumbani zinaingia katika neno "kazi" lililotajwa na kifungu cha 114.

Uamuzi huo unatajwa kila mahali, kwenye semina, redioni na katika vipeperushi vya msaada wa kisheria. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa faida ya familia, akazitumia vibaya, na kwa hiyo sehemu yake katika mali ya ndoa ilikuwa imekwisha kuliwa. Rufaa yake ikatupwa. Kwangu mimi nusu hii ya pili ya hukumu ina uzito sawa na ile ya kwanza, kwa sababu inaonyesha jinsi haki inavyoweza kukubaliwa kama kanuni asubuhi na kukosekana mikononi mwa mwenye nayo jioni. Kanuni ilimpa Bi Hawa mchango. Hesabu ya ushahidi ikamnyang'anya. Wanawake wengi waliokuja baada yake wamepita katika mlango huohuo.

Hesabu hiyo inafanywaje? Kifungu kidogo cha 2 cha kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, kiasi ambacho kila mmoja alichangia kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyataja hayo yote ndipo sheria inaposema kwamba, kwa kuzingatia mambo hayo, mahakama ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Mpangilio huo si jambo dogo. Usawa umewekwa mwishoni, kama abiria aliyedandia gari likiwa limekwisha kuondoka. Kwa hiyo mahakama nyingi huanza na kiasi cha mchango, huuliza nani alithibitisha nini, hupata asilimia, na zikifika kwenye usawa hakuna kilichobaki cha kusawazisha. Mahakama ya Rufani yenyewe imerudia katika mashauri ya miaka ya karibuni kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na anayedai ndiye wa kuthibitisha.

Ongeza hapo kifungu cha 60. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa imeandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani kwamba ni yake peke yake, mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiwa imeandikwa majina ya wote wawili, inadhaniwa kwamba wana haki sawa. Katika nyumba zetu ni jina la nani huandikwa kwenye mkataba wa mauziano unaoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa? Ni la baba, mara nyingi bila hila yoyote, kwa sababu ndiye aliyekwenda kuonyeshwa kiwanja, na mkewe siku hiyo alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa. Karatasi hiyo moja, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino chini ya mwembe, huja kuwa mlima miaka ishirini baadaye.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia inayofanana. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaeleza waziwazi kwamba mchango usio wa fedha ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Maelezo hayo ni bora kuliko neno letu moja la "kazi". Hata hivyo, tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri linalojulikana kwa herufi JOO na MBO, ilisema kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa na Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichotia. Katika shauri hilo mke alibaki na nusu aliyokuwa amepewa na Mahakama ya Rufani ya huko Kenya, lakini waliofuatia hawatapewa nusu kwa sababu tu yeye aliipata.

Sipingi kwamba mahakama ihitaji ushahidi. Mtu aliyeolewa au kuoa kwa miezi kumi na minne na kukuta nyumba imekamilika hana sababu ya kupewa nusu yake, na mahakama isiyouliza maswali itawaumiza wanaume na wanawake vilevile. Ninachokipinga ni kumpa mzigo wote wa kuthibitisha yule ambaye aina ya kazi yake ndiyo isiyoacha alama. Kwa nyumba ambayo familia inaishi, iliyojengwa ndani ya ndoa ya miaka mingi, mahakama ingeweza kuanza na usawa na kumtaka anayetaka zaidi ya nusu aeleze kwa nini. Maneno ya kufanyia hivyo yamo tayari katika kifungu cha 114. Kinachohitajika ni Bunge kuyatoa mwishoni na kuyapandisha mwanzo, au Mahakama ya Rufani kuyasoma kwa uzito yanaostahili.

Ushahidi huo unaodaiwa nao mara nyingi umefichwa na maisha yenyewe. Wanandoa wengi hujenga kwenye eneo la wazazi wa mume, kwa sababu ardhi ya bure ndiyo iliyopo na ujana hauna fedha. Ndoa ikivunjika, mume hufika mahakamani na kusema kwamba nyumba ni ya baba yake, na baba huja kuthibitisha. Kule Kilimanjaro ambako nyumba imesimama ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba ya babu, hakuna hakimu atakayekata kipande cha ardhi ya ukoo na kumkabidhi mkwe anayeondoka, na sidhani kama hilo ndilo la kudai. Lakini ukuta, bati, sakafu na tangi la maji si vya ukoo. Sheria inasema wazi kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili, inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya kugawanywa. Mkwe aliyejenga kwenye ardhi ya watu adai thamani ya alichojenga, na adai akiwa na tathmini mkononi, badala ya kudai nyumba nzima na kukosa vyote.

Hali hii haiwapati wanawake peke yao. Ninamjua mwanamume aliyefanya kazi za meli kwa miaka na kila alichopata alikituma kwa mkewe, nyumba ikajengwa kwenye kiwanja cha mama mkwe, na siku walipoachana alirudi kupanga chumba. Ninawajua pia wanawake waliokwenda Oman kufanya kazi za ndani, wakituma riali kila mwezi kwa mume aliyebaki na watoto, wakarudi baada ya mikataba miwili na kukuta kiwanja kimenunuliwa kwa jina la shemeji. Wote hao walikuwa na jambo moja ambalo mama wa mfuko wa nailoni hakuwa nalo: fedha zao zilipita mahali panapoandika. Taarifa za benki, risiti za wakala wa kutuma fedha na ujumbe wa miamala ya simu ni vielelezo, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki ukiwasilishwa kwa utaratibu wake. Tatizo ni kwamba simu huibwa, laini hufungwa, na ujumbe wa miaka minane iliyopita haupo tena. Anayetuma fedha za ujenzi leo achapishe taarifa yake ya miamala na kuitunza mahali penye hati nyingine, hata kama ndoa yake ina amani kamili. Najua ushauri huu unawaudhi wengi, wanaouona kama kumtabiria mwenzako mabaya. Mimi nauona kama kutunza cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu madeni tunazungumza kidogo mno, na huko ndiko watu wanakozama. Tunapotaja mgawanyo wa mali, akili zetu huona nyumba, gari na shamba, hatuoni marejesho. Mke amekopa kwenye kikundi ili alipe ada ya mtoto wa sekondari ya binafsi. Akashindwa, akakopa kwenye mikopo ile ya mitaani inayoitwa kausha damu ili alipe kikundi. Na kitabu cha marejesho kina jina lake tu. Ndoa inapovunjika mume anasema hakujua chochote kuhusu mkopo huo, ingawa mtoto aliyesomeshwa nao ni wake. Sheria inaitaka mahakama iangalie madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, lakini haitayaangalia kama hakuna aliyeyataja. Nimeona watu wakieleza kwa kirefu habari za kabati na friji, wakatoka bila kutamka neno moja juu ya deni la shilingi milioni nne ambalo wadai wake walikuwa wanawasubiri nje ya geti. Anayekwenda mahakamani apeleke kitabu cha marejesho pamoja na ankara ya ada iliyolipwa kwa mkopo huo, ili safari ya fedha ionekane kuanzia ilipotoka mpaka ilipoishia.

Lipo jambo lingine ambalo watu hulielewa wakiwa wamechelewa. Amri ya mahakama ya kugawa madeni inawafunga wanandoa wawili wao kwa wao. Mkopeshaji hakuwa sehemu ya shauri na mkataba wake haubadiliki. Hakimu akisema mume alipe nusu ya deni na mume asilipe, aliyesaini bado atafuatwa yeye. Aliyemdhamini mwenzake kwenye mkopo pia hatoki kwenye dhamana kwa sababu tu ametoka kwenye ndoa.

Kwa mkopo wa benki uliowekewa nyumba rehani, sheria imetoa kinga. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Lakini wapo wanaokwenda kuapa kwamba hawana mke au mume, kiapo kikagongwa muhuri, na mkopo ukatoka. Mwenzi aliye nyumbani hugundua siku ya tangazo la mnada lililobandikwa mlangoni. Kumbe kifungu hichohicho cha 59 kinamruhusu kulinda haki yake kwa kuweka zuio kwa msajili wa hati, hata kama jina lake halimo kwenye hati miliki. Wanaolijua hili ni wachache, na wanaolijua husita kulifanya kwa kuogopa kuonekana wanaanzisha vita. Kwa nyumba ambayo haina hati, na nyumba za namna hiyo ni nyingi mijini kwetu, hakuna daftari la kuwekea zuio. Kilichobaki ni barua kwa serikali ya mtaa, iliyopokelewa na kugongwa muhuri, kwamba nyumba ile ni ya familia na isiuzwe bila wote wawili kuwepo.

Upande wa utaratibu nitaupita haraka, isipokuwa sehemu moja ambayo imebomoa mashauri mengi. Huwezi kufungua shauri la talaka kabla hujapita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, iwe la kata au la taasisi ya dini, na baraza hilo likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Zipo hali maalumu ambazo sheria inaziruhusu kupita bila baraza, kama pale mwenzi ametelekeza na hajulikani alipo, lakini mtu asijipe ruhusa hiyo mwenyewe. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri, pamoja na talaka na mgawanyo uliokwisha kufanyika, kwa sababu hati ya baraza haikuwa sahihi. Fikiria watu waliokwisha kugawana, mmoja ameoa tena, kisha wanaambiwa kwamba kisheria bado ni mume na mke.

Kwa ndugu zangu Waislamu wa Bara, talaka iliyotamkwa au kuandikwa nyumbani haimalizi jambo mbele ya sheria ya nchi. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinaeleza kwamba baraza likishathibitisha kushindwa kusuluhisha, kisha mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatambua kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Kwa hiyo baraza linatangulia na mahakama inakamilisha. Mwanamke aliyeandikiwa talaka kwenye karatasi ya daftari na kurudi kwao bila kufika mahakamani anaacha nyuma madai yake ya mali, na miaka mingi baadaye, mume akifariki, karatasi ile hufufuliwa kwenye mirathi kila mtu akiisoma anavyopenda.

Na kwa wale walioishi pamoja bila ndoa yoyote, mtaani utasikia kwamba miezi sita inatosha kumfanya mtu mke. Si kweli. Kifungu cha 160 kinazungumzia miaka miwili au zaidi, tena kwa watu walioishi hadi jamii ikawatambua kuwa mume na mke, na hata hapo ni dhana tu inayoweza kupingwa. Ikipingwa na kuanguka, mwanamke na watoto bado wanaweza kuomba matunzo na nafuu nyingine, kwa hiyo asiambiwe kwamba hana pa kwenda.

Tuje kwa watoto, ambao huko mahakamani huwa wanatajwa kila dakika na kusikilizwa kwa nadra. Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtoto akitimiza miaka saba baba anakuja kumchukua. Nimewaona kina mama wakihesabu siku za kuzaliwa za watoto wao kama mtu anayehesabu siku za kuhamishwa. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba inadhaniwa kuwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba mahakama iangalie pia hasara ya kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha. Akifika saba, dhana hiyo inaondoka, basi. Hakuna dhana nyingine inayokuja kumpa baba. Kinachobaki ni maslahi ya mtoto, ambayo Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zote zinayaweka mbele ya kila kitu, pamoja na matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kujieleza.

Matunzo nayo yamekuwa fimbo. Baba haleti fedha kwa sababu mama hamruhusu kuwaona watoto. Mama hawaruhusu kwa sababu baba haleti fedha. Na kila mmoja akifika ustawi wa jamii anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Haya ni mambo mawili tofauti na mahakama huyaamua kwa amri tofauti. Mtoto hali kidogo kwa sababu mama yake ana kisirani, na hapotezi haki ya kumjua baba yake kwa sababu baba huyo hana kitu mwezi huu.

Kuhusu kiwango, tumetoka mbali. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na ikaachwa hivyo mpaka shilingi 100 haikutosha kununua hata yai, kabla ya Sheria ya Mtoto kuifuta. Sasa hakuna kikomo. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Lakini bado amri nyingi hutolewa kwa makadirio, kwa sababu aliyeomba hakuleta hesabu. Chukua amri ya shilingi 50,000 kwa mwezi kwa watoto wawili: ukigawa kwa siku thelathini, kila mtoto anapata shilingi zisizofika 850 kwa siku, na humo mnatakiwa kutoka chakula, sabuni, daftari na nauli. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 imeondoa ada katika shule za serikali, haikuondoa viatu, sare, chakula cha mchana wala bodaboda ya asubuhi. Mzazi anayeomba matunzo aandike matumizi halisi ya mwezi mmoja, senti kwa senti, aambatanishe risiti zilizopo, na asione aibu kuandika bei ya unga. Hakimu hawezi kuamuru kwa haki kitu ambacho hakuonyeshwa.

Baada ya yote hayo, hukumu husomwa, na wengi hudhani wamefika. Mke amepewa asilimia 40 ya nyumba. Asilimia hiyo ataishikaje? Nyumba si doti ya kanga, kwamba ikikatwa katikati kila mtu anaondoka na upande wake. Inabidi ithaminiwe, kisha mmoja amlipe mwenzake fedha, au iuzwe wagawane. Aliyeko ndani ya nyumba hana haraka. Aliyepanga chumba ndiye anayelipa nauli za kwenda kuomba kukaza hukumu, yaani mahakama iisimamie itekelezwe, gharama za mthamini, na baadaye dalali wa mahakama. Wakati huo thamani ya nyumba inabishaniwa, choo kimebomolewa makusudi, mpangaji amewekwa chumba cha mbele na kodi yake haigawanywi. Ningependa kuona mahakimu wanaoandika amri za mgawanyo wakieleza palepale nani athamini, kwa muda gani, nani alipe gharama, na nini kitatokea siku ya mwisho ikipita. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji aya mbili zaidi katika hukumu, na zingewaokoa watu miaka.

Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wamefanya mengi katika hili, na vituo kama vile vya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu vimewasimamia watu wasio na uwezo kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya mahakama, jambo ambalo linampa mtu wa kawaida nafasi ya kuisoma hukumu yake mwenyewe. Lakini msaidizi anayefika shauri likiwa limekwisha kusikilizwa hawezi kurudisha shahidi ambaye hakuitwa. Kazi kubwa iko mwanzo, pale mlalamikaji anapoulizwa ana ushahidi gani na kudhani kwamba anaulizwa karatasi.

Mama wa mfuko wa nailoni naye alidhani hivyo. Shauri lake liliahirishwa kwa wiki tatu, na katika wiki hizo alimtafuta fundi aliyejenga msingi wa ile nyumba, mzee ambaye alikwisha kuhamia wilaya nyingine. Alifika akiwa amevaa koti la suti na kandambili, akala kiapo, akaulizwa anamfahamu vipi mdai. Akasema alikaa pale miezi miwili na nusu, kwamba mume alikuwa anakuja Jumamosi kuleta fedha, na siku nyingine zote mwenye kazi alikuwa huyu mama: ndiye aliyekuwa akiwapikia mafundi, ndiye aliyekuwa akihesabu matofali, na madumu ya maji aliyabeba kichwani tumbo likiwa mbele. Hakimu akamwomba arudie polepole ili aandike. Akarudia. Mume alisimama kumhoji akauliza swali moja tu, kama fundi alikuwa na kumbukumbu yoyote ya maandishi, na mzee akajibu kwamba hana, ila ukuta wa nyuma umepinda, anajua ni kwa sababu gani, na kama mahakama inataka atakwenda kuuonyesha.